Barua Ilifika Alhamisi: Madila 789 wa Chrysler na Milango Yote ya Sheria Waliyobisha

Wasee, leo nawapeleka Marekani, lakini si kuangalia gari za kuonyeshana. Nataka tuongee kuhusu watu waliokuwa wakiziuza.

Alhamisi, tarehe 14 Mei 2009. Wenye shorumu 789 za Chrysler wanapata barua. Hao ni karibu robo ya madila wote wa kampuni hiyo Marekani. Ujumbe ni ule ule kwa kila mtu: kampuni imefilisika, iko kortini, na imeomba jaji ruhusa ya kukatiza mkataba wako. Siku 26 baadaye, tarehe 9 Juni, jaji akakubali, na mkataba ukafa siku hiyo hiyo. Huwezi kuuza Jeep mpya tena. Huwezi kurepea gari ya mteja chini ya waranti. Hata lile bango kubwa la nje, teremsha. Wengine walikuwa wamerithi hiyo biashara kutoka kwa baba, na baba aliirithi kutoka kwa babu.

Wacha niwaambie kwa nini hii stori ilinishika. Baba yangu alikuwa msambazaji wa gesi ya kupikia mtaani kwetu kwa miaka tisa. Kampuni sitaitaja. Siku moja akaletewa barua ya ukurasa mmoja: eneo lake limepewa msambazaji mwingine, yeye ana siku 30 kumaliza mitungi iliyobaki. Alikuwa na pikapu ya mkopo na vijana watatu wa kupeleka mitungi kwa pikipiki. Miezi mitano baadaye mimi nikaacha chuo, mwaka wa pili, kwa sababu karo haikuwepo. Sisemi hivi ili mnihurumie, niko sawa. Lakini usiku ule wa barua baba aliuliza swali moja mezani: "Kwani sheria inasema aje?" Tulikuwa watu watano hapo, na hakuna aliyejua.

Nimetafuta jibu la hilo swali kwa muda mrefu, na nilipopata hii kesi ya madila wa Marekani nikaona hapa kuna darasa. Kwa sababu hawa walikuwa na pesa, walikuwa na mawakili, na walikuwa na sheria nzuri kuliko baba yangu. Na bado walichapwa.

Dila ni nani, na pesa ni ya nani

Kwanza tuelewane. Watu wengi hudhani shorumu ya gari ni tawi la kampuni. Hapana. Dila wa Marekani ni mfanyabiashara anayejitegemea. Anakopa benki, ananunua gari kutoka kwa kampuni, anaziegesha kwa yadi yake, halafu anauziwa presha na kila mtu. Gari ikikaa miezi sita bila mteja, riba ni yake. Jengo ni lake au amelikodi yeye. Mafundi, vyombo maalum vya kufungua injini za hiyo chapa, spea kwenye stoo, zote amenunua yeye.

Kampuni kwa upande wake inampa kitu kimoja: haki ya kuuza gari mpya zenye jina lake na kuzihudumia. Hiyo haki iko kwa karatasi. Karatasi ikichanika, dila anabaki na jengo kubwa lenye vioo, mkopo, na gari asizoruhusiwa kuuza kama mpya.

Sasa unaona shida iko wapi. Mmoja ameweka kila kitu, mwingine ameshika kalamu.

Hii shida haikuanza 2009. Rudi hadi 1920 na 1921, uchumi wa Marekani ulipoanguka ghafla. Henry Ford hakusimamisha mambo kungoja wateja. Alisukuma gari kwa madila wake, watake wasitake, na walitakiwa kulipa zikifika. Ukikataa, unajua kuna mtu mwingine mjini anautaka mkataba wako. Wengi walikimbia benki kukopa ili Ford apate pesa taslimu. Kwa maneno mengine, kampuni iliponea kwa kutumia mifuko ya madila.

Madila walichoka, wakaenda kwa wanasiasa. Jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1937. Mwaka 1956 bunge la taifa likapitisha sheria iliyompa dila haki ya kuishtaki kampuni ikimtendea kwa nia mbaya wakati wa kukatiza mkataba. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sheria ya California ya kuwalinda madila ni halali. Polepole majimbo yote 50 yakawa na sheria za aina hii. Kwa ujumla zinasema hivi: kampuni haiwezi kukuondoa bila sababu ya maana, lazima ikupe notisi ya kutosha, na mara nyingi ikikuondoa inunue gari, spea na vyombo vilivyobaki.

Kwa hivyo dila wa 2009 alikuwa na ukuta. Babu zake waliujenga kwa miaka 70. Aliamini hauanguki.

Mlango wa kwanza: korti ya kufilisika

Mwaka 2008 pesa ilikauka kote duniani. Marekani ilikuwa imezoea kununua zaidi ya gari milioni 16 kwa mwaka. Ilipofika 2009 zilishuka hadi karibu milioni 10. Desemba 2008 Rais George W. Bush aliwapa General Motors na Chrysler mikopo ya dharura. Barack Obama alipoingia, kikosi chake cha magari kikaangalia mipango ya kampuni hizo mbili na tarehe 30 Machi 2009 kikasema hazitoshi. Kwa upande wa GM, mojawapo ya malalamiko ilikuwa kwamba inapunguza madila polepole mno.

Hoja ilikuwa hii: Toyota ilikuwa na madila wachache sana kuliko GM, na kila dila wa Toyota aliuza gari nyingi zaidi. GM ilikuwa na karibu 6,000. Ukiwa na shorumu tatu za chapa moja katika mji mmoja mdogo, zinakatana bei zenyewe kwa zenyewe, na hakuna inayopata faida ya kukarabati jengo. Chrysler nayo ilikuwa na mpango wa tangu zamani wa kuweka Chrysler, Dodge na Jeep chini ya paa moja. Kama wewe ulikuwa unauza Dodge pekee, na jirani anauza Jeep, mmoja wenu alikuwa amezidi.

Shida ya kampuni ilikuwa ule ukuta. Kuondoa dila mmoja kwa sheria ya jimbo ni kesi ya miaka na fidia kubwa. Kuondoa 789 kwa njia hiyo haiwezekani.

Lakini kuna sheria ya taifa ya kufilisika, na ndani yake kifungu cha 365. Kinaruhusu kampuni iliyofilisika, kwa idhini ya jaji, kukataa mkataba ambao pande zote mbili bado zina kazi ya kutimiza. Jaji hakuulizi kama uamuzi huo una huruma. Anauliza tu kama ni uamuzi wa kibiashara wenye akili. Hicho kipimo ni rahisi kukipita.

Chrysler iliingia kortini New York tarehe 30 Aprili 2009. Mali yake nzuri ikauzwa kwa kampuni mpya iliyoungana na Fiat ya Italia. Mabaki yakaachwa kwa kampuni ya zamani, iliyobadilishwa jina ikaitwa Old Carco. Madila walifika kwa Jaji Arthur Gonzalez na hoja yao kubwa: sheria za majimbo yetu zinatulinda. Jaji akasema sheria ya taifa ya kufilisika inafunika zile za majimbo kwa jambo hili. Ukuta wa miaka 70 uliangushwa na uamuzi mmoja.

Mtu atasema, sawa, lakini mkataba ukivunjwa si unadai fidia? Ndiyo, unaruhusiwa. Unadai kutoka kwa Old Carco. Ile kampuni mpya yenye viwanda, jina na gari haikuwa na deni lako. Deni lako liliachwa kwa lile ganda, na wewe umesimama kwa foleni nyuma ya benki zilizo na dhamana. Manze, hiyo ni kama kuambiwa unaruhusiwa kuchota maji, lakini kisimani kumekauka.

Na kumbuka zile gari. Madila waliotemwa walikuwa na zaidi ya gari 40,000 kwa yadi zao. Chrysler ilisema itasaidia kuzihamishia kwa madila waliobaki, na nyingi zilihamishwa, lakini mwenye kuuza kwa haraka hapangi bei.

Kilichowauma zaidi, nikisoma walivyolalamika, ni kwamba haki ya kuuza Jeep haikufutwa. Ilitolewa kwako ikapewa jirani yako, bila yeye kukulipa chochote. Hapo nilimkumbuka baba. Eneo lake halikufungwa. Watu wa mtaa wetu waliendelea kupika na gesi ile ile.

GM: sahihi hapa, funga mdomo

GM ilicheza mchezo mwingine. Tarehe 15 Mei 2009, siku moja tu baada ya Chrysler, iliwaandikia madila wapatao 1,100 kwamba mikataba yao haitafanywa upya ikiisha Oktoba 2010. Ikafilisika rasmi tarehe 1 Juni. Halafu ikaleta mkataba wa kufunga pole pole: tunakupa pesa kiasi, utaendelea hadi Oktoba 2010, lakini hutaagiza gari mpya, na unaahidi hutatushtaki. Usiposahihisha, tunakukataa kortini kama Chrysler walivyofanya.

Wengi sana walisahihisha. Na mimi siwalaumu. Ukiwa na wafanyakazi 30 na benki inapiga simu kila asubuhi, kidogo unachopewa leo kinashinda kikubwa cha kesi ambayo huenda ukashindwa. Mwenye nguvu mpishe, wazee walisema. Lakini angalia vizuri kilichonunuliwa pale. Kampuni ililipia kimya cha watu.

Mlango wa pili: bunge

Hapa ndipo madila walionyesha kwamba hawakuwa watu wa kulia tu. Kila mbunge wa Marekani ana dila kwa jimbo lake. Dila ndiye anayedhamini timu ya mpira ya watoto, ndiye anayelipa ushuru wa mji, ndiye anayechangia kampeni. Tarehe 3 Juni 2009 wakuu wa GM na Chrysler waliitwa mbele ya kamati ya Seneti na wakaulizwa swali ambalo kila dila alikuwa nalo: kama dila ananunua gari kwa pesa yake, anawagharimu nini hasa? Kampuni zilikuwa na majibu, gharama za mafunzo, za usimamizi, za matangazo, lakini wabunge wengi hawakuridhika.

Desemba 2009 bunge likachomeka kifungu cha 747 ndani ya sheria kubwa ya bajeti, na Obama akaisahihisha tarehe 16 mwezi huo. Hiki kifungu ndicho naona kilikuwa ushindi wao mkubwa. Kilisema:

Moja, dila aliyeondolewa ana siku 40 za kuomba usuluhishi, mbele ya msuluhishi huru, na uamuzi wake unafunga pande zote.

Mbili, kampuni lazima imwandikie kila dila kigezo hasa kilichotumika kumwondoa. Yaani miezi saba baada ya barua ndipo watu waliambiwa rasmi kwa nini.

Tatu, msuluhishi apime maslahi ya dila, ya kampuni na ya umma. Aangalie faida ya duka kwa miaka kadhaa, hali ya soko la eneo, uzoefu wa mwenyewe, na kama alifikia malengo.

Lakini kulikuwa na ndoano. Msuluhishi hakuruhusiwa kutoa fidia ya pesa. Ukishinda, unachopata ni barua ya nia, yaani karatasi ya kampuni inayosema tuko tayari kukurudisha ukitimiza masharti ya kawaida. Na kila mtu ajilipie wakili wake.

Zaidi ya madila 1,500 walijiandikisha. Ghafla GM ikalainika. Machi 2010 ilitangaza kuwarudishia barua za nia madila 661 bila hata kusikilizwa. Hebu fikiria. Kama mtu alikuwa mzigo Mei 2009 hadi akaandikiwa barua, kwa nini Machi 2010 si mzigo tena? Chrysler ilikuwa ngumu zaidi. Ilitoa barua kama 50 hivi, na ikapigana na wengine. Wengi walikubaliana nje au wakajiondoa. Kwa kesi za Chrysler zilizofika mwisho, kampuni ilishinda nyingi, madila wakashinda karibu thuluthi.

Julai 2010 mkaguzi maalum wa pesa za uokoaji, Neil Barofsky, akatoa ripoti yake. Alisema serikali ilisukuma madila zaidi ya 2,000 wafungwe haraka bila kupima vya kutosha kazi zitakazopotea. Alisema GM haikufuata vigezo vyake kwa usawa, na kuna maamuzi ambayo hayakuwa na karatasi za kutosha kuyaeleza. Kwa Chrysler alisema haikuwapa madila nafasi hata ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Kwa hivyo wale waliosema "tumeonewa" hawakuwa wakilia ovyo. Mkaguzi wa serikali aliandika.

Mlango wa tatu: karatasi si duka

Sasa umeshinda usuluhishi. Una barua ya nia. Umerudi?

Si haraka hivyo. Barua ilikuwa na masharti: jenga au karabati jengo kwa viwango vipya, onyesha mtaji, uza chapa zote tatu. Dila ambaye alikuwa amekaa mwaka mzima bila kuuza gari mpya, ambaye mafundi wake walihamia kwa jirani na benki ilimkatia mkopo, anaambiwa ajenge. Na jirani aliyepewa Jeep yake hakutaka arudi karibu naye, akaenda kutumia ile ile sheria ya jimbo ya kulinda madila ili kumzuia. Umeona? Silaha iliyotengenezwa kumlinda dila ikamgeukia dila.

Kesi zikaendelea hadi mahakama ya rufaa huko Cincinnati mwaka 2015. Uamuzi: sheria ya bunge ilimpa mshindi barua ya nia tu. Haikufufua mkataba wa zamani. Miaka sita ilikuwa imepita tangu ile Alhamisi.

Mlango wa nne: kuishtaki serikali

Kundi lingine lilifikiria tofauti. Walisema, adui si Chrysler wala GM, hizo zilikuwa zimeshikwa shingo. Aliyesema "kata madila au hakuna pesa" ni serikali. Na Katiba ya Marekani, kwa marekebisho ya tano, inasema serikali haiwezi kuchukua mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila kumlipa fidia ya haki. Mkataba wetu ni mali. Tulipeni.

Hii hoja ilikuwa na akili, na haikutupwa mara moja. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa inayosikiza kesi za aina hiyo ilikubali kwamba mkataba wa dila unaweza kuhesabiwa kama mali, na kwamba serikali kumlazimisha mtu wa tatu akuumize kunaweza kuwa sawa na kukuumiza yenyewe. Lakini ikawapa madila mtihani mmoja: onyesheni kwamba serikali isingeingilia, mikataba yenu ingekuwa na thamani.

Hapo ndipo penye maumivu. Serikali isingetoa pesa, Chrysler ingekufa kabisa. Na Chrysler ikifa, mkataba wa kuuza Chrysler una thamani gani? Madila walileta wataalamu kujaribu kuonyesha kwamba kungekuwa na njia nyingine. Mwaka 2019, baada ya kesi kusikizwa, jaji akaamua dhidi ya madila wa Chrysler. Miaka kumi.

Kanada: wakili wa nani?

Kuna kipande cha hii stori ambacho watu hawakisemi sana. Kanada, GM haikufilisika. Ilifanya jambo lingine: Mei 2009 iliwapa madila wapatao 240 mkataba wa kufunga na siku sita tu za kuamua. 202 wakasahihisha.

Baadaye wakaungana kwenye kesi ya pamoja. Walishtaki GM ya Kanada, na pia wakashtaki ofisi kubwa ya mawakili, Cassels Brock, iliyokuwa imeajiriwa kuwasimamia madila kama kundi. Kumbe ofisi hiyo hiyo ilikuwa pia inaishauri serikali ya Kanada kuhusu uokoaji wa sekta ya magari. Mwaka 2015 korti ya Ontario ikasema GM haina deni kwa madila hao, lakini ofisi ya mawakili ilipe dola milioni 45 za Kanada, kwa sababu ilikuwa na maslahi yanayogongana na iliwaacha madila bila mtetezi wakati walipomhitaji. Rufaa ya 2017 haikuwaokoa.

Yaani kati ya mahakama zote nilizosoma, mahali ambapo madila walilipwa pesa ya maana, aliyelipa ni wakili. Hiyo mimi sikuitarajia kabisa.

Sasa, ukweli wa upande wa pili

Nisiwe mnafiki. Kuna hoja nzito upande wa kampuni. Chrysler ingeanguka, si madila 789 tu wangefungwa, ni karibu 3,200 wote, pamoja na wafanyakazi wa viwandani na watengenezaji wa spea. Wafanyakazi walikatwa mafao. Wadai walipoteza pesa. Mifuko ya pensheni ya Indiana ilienda hadi Mahakama ya Juu kujaribu kuzuia mauzo kwa Fiat, na ikashindwa. Kila mtu aliumia kidogo ili kitu kisife. Kwa nini dila asiumie?

Jibu langu ni hili. Kuumia kwa pamoja ni sawa kama kila mtu ameambiwa kwa nini yeye, na amepata nafasi ya kusema neno kabla ya kisu. Dila wa Chrysler alipata siku 26 na hakupata sababu. Sababu ilikuja baada ya bunge kulazimisha. Na sababu zilipotakiwa, kampuni moja ikarudisha mamia ya watu iliyokuwa imewatema. Hiyo inaniambia kisu kilipita mahali ambapo hakikuhitajika.

Kwa hivyo sisemi kampuni haikufaa kupunguza madila. Nasema haki ya kujua sababu ilifaa kuwa ya kwanza, si zawadi ya Desemba.

Na sisi je?

Usidhani hii ni stori ya mbali. General Motors ilikuwa hapa Nairobi kwa miongo mingi, na mwaka 2017 iliuza hisa zake kwa Isuzu, kampuni ikawa Isuzu East Africa. Hapo hakukuwa na kufilisika, ni mauzo ya kawaida. Lakini inakuonyesha kwamba jina lililo juu ya mlango wako linaweza kubadilishwa na mkutano uliofanyika bara lingine.

Na sisi tuna Sheria ya Ufilisi ya 2015. Nayo inamruhusu mfilisi kukataa mkataba unaoleta hasara, na aliyeumizwa anaingia foleni ya wadai. Sasa fikiria ni vijana wangapi unaowajua ambao riziki yao ni uwakala wa kitu cha mtu mwingine. Gesi, soda, simu, mkate, pikipiki za mkopo. Hata mimi ninayeandika hapa, ukurasa wangu uko kwa nyumba ya mwenye programu. Tumeweka kila kitu, mwingine ameshika kalamu.

Mambo matatu niliyobeba kutoka kwa madila:

Soma ukurasa wa kuvunjika kabla ya ukurasa wa faida. Notisi ni siku ngapi? Nani ananunua stoki iliyobaki? Kama mkataba hausemi, jibu ni wewe.

Jua wakili wako analipwa na nani mwingine. Muulize usoni, na aandike.

Na usipigane peke yako. Dila mmoja kortini alishindwa kwa dakika. Madila mia kadhaa kwa wabunge wao walipata sheria. Haikuwa sheria kamili, lakini ilirudisha mamia ya maduka.

Mwezi uliopita nilimwambia baba hii stori yote, tukiwa tumekaa nje jioni. Alisikiza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo hao walikuwa na mawakili na bado?"

Nikamwambia, na bado.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema wasambazaji wa gesi waliopata ile barua mwaka ule walikuwa kumi na mmoja. Aliwajua wote kwa majina. Hawakuwahi kukaa pamoja hata siku moja.

Mtumie hii yule msee wako ambaye wiki hii anasahihisha mkataba wa uwakala.